Nilivyomtafsiri Baba wa Mutarule

Katika miaka ya hamsini nilikuwa karani wa kiwanda cha kuchambua pamba, hapa Uvira, upande wa Kalundu. Nilikuwa nimesoma kwa mapadri, Kifaransa nilikijua, na kwa sababu hiyo meneja Mzungu alinipa meza ofisini, mbali na vumbi. Wenzangu walishinda ndani yake. Vumbi la pamba liliwashika kwenye kope na masharubu, na kijana akitoka kula mchana ungedhani ni mzee.

Kati yao alikuwako baba mmoja wa kijiji cha Mutarule, aliyelisha pamba kwenye mashine. Alisema Kirundi na Kiswahili chetu cha ziwani. Kikohozi kikimbana, alishika nguzo mpaka kipite, kisha akaendelea.

Siku moja akaja mkaguzi wa kazi, Mzungu pia, kutoka Bukavu. Serikali ilikuwa imeweka kima cha chini cha mshahara, pamoja na posho na blanketi, naye alitumwa kuona kama sheria inafuatwa. Akataka kuwasikia wafanyakazi wenyewe. Watu wakatazamana, kisha baba wa Mutarule akasogea mbele. Nikaitwa kutafsiri. Meneja alisimama nyuma yangu.

“Umuambie hivi,” baba akaniambia taratibu. “Mushahara ni ule wa sheria, lakini tukigonjwa wanakata. Unga wa posho iko na wadudu. Na hii vumbi iko inatuua. Tunaomba vitambaa vya kufunika pua, na madirisha yafunguliwe.”

Nikamwambia mkaguzi kwa Kifaransa kwamba mshahara wanapata kama sheria inavyotaka, na kwamba wangefurahi kupewa vitambaa.

“Ni hayo tu?” akauliza. “Amesema maneno mengi.”

“Ni hayo tu. Watu wetu huzunguka sana wakizungumza.”

Meneja akacheka kidogo. Mkaguzi akaandika, akapanda gari lake.

“Amesema nini?” baba akaniuliza.

“Amesema ataangalia.”

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. “Aksanti, mutoto yangu. Weye umetusaidia.”

Wakangoja. Vitambaa havikuja, na madirisha yalibaki yamefungwa ili upepo usipeperushe pamba. Mimi meneja aliniongezea mshahara, nikanunua baiskeli. Kabla ya mvua, baba wa Mutarule akashindwa kabisa kufanya kazi, akarudi kwao.

Jumapili moja nilimfuata kwa baiskeli hiyo, nikiwa na sukari kidogo. Nilimkuta ameketi mlangoni, amejifunika blanketi la kazi ingawa jua lilikuwa kali. Nikamweleza yote.

“Nilijua,” akasema. “Kifaransa sijui, lakini niliangalia mukono wa yule muzungu. Uliandika mustari mumoja tu.”

“Kwa nini hukuniuliza, baba?”

“Ningekuuliza nini? Uliogopa?”

“Niliogopa.”

“Miye pia niliogopa,” akasema. “Lakini nilisema hivyohivyo.”

Mkewe akaniletea maji ya kunywa. Sikuweza kumtazama usoni.

Baba alifariki kabla ya mavuno. Mimi nilibaki kazini miaka mingine. Ningeweza kumwandikia mkaguzi barua Jumatatu ile, kesho yake baada ya kutoka kwake; karatasi na wino vilikuwa mbele yangu, na hakuna aliyenizuia. Nilijiambia nitaandika wiki ijayo, na wiki iliyofuata nikajiambia vilevile.