Radhi Aliyonyimwa Baba

Nyumba ya Mama Ornella ilinuka kahawa iliyokaribia kuungua. Aliichemsha mwenyewe katika birika dogo la chuma, maana hakumwamini mtu mwingine kwa kazi hiyo, na harufu ilitoka jikoni ikaja kutukuta barazani, mimi, baba na ramani. Mama Ornella alikuwa mjane wa Kiitaliano aliyekaa Diani tangu kabla sijazaliwa, na baba alikuwa dereva wake. Likizo ile ya Agosti mama alikuwa na zamu za mchana kwenye dobi ya hoteli, kwa hiyo baba alinichukua kazini nisibaki peke yangu, akaniketisha kwenye kigoda na kuniambia nisiguse kitu. Sikugusa. Nilisikiliza tu, na nilichokisikia kiliniondolea raha kwa miezi: macho ya Mama Ornella yalikuwa yakififia, na kabla hayajazima kabisa alitaka kuzunguka kwa gari vilima alikozaliwa huko Italia, wanakolima zabibu na kutengeneza mvinyo, kijiji baada ya kijiji, kwa siku chache. Aliyemtaka kwenye usukani ni baba yangu. “Ndugu zangu wote wanaendesha kama watu wanakimbiza mwizi,” alisema kwa Kiswahili chake cha kukatakata. “Wewe, Mwakio, umezaliwa milimani. Wewe unajua kona.”

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Wazazi wangu ni Wataita wa Wundanyi waliofuata kazi pwani, na baba alijifunza gari kwenye kona na ukungu wa kwao. Lakini kuipanga safari yenyewe kuliwatoa jasho wote wawili. Baba alipima kila kitu kwa barabara aliyoijua. Kutoka Asti hadi Canelli, alisema, ni kama Ukunda hadi Msambweni. Na anayetoka Alba kwenda Barolo ni kama ametoka Msambweni kwenda Ramisi tu. Kwa hesabu yake safari nzima ingekwisha kabla ya chakula cha mchana. Mama Ornella alicheka mpaka akakohoa. “Mwakio, hatupeleki samaki sokoni!” Kila kijiji kilikuwa na mtu wa kusalimiwa, ghala la mvinyo la kuingia, chakula cha kukaliwa saa nyingi, kitanda cha kulala. Baba alikuwa mlokole, hata tembo la mnazi hakuwahi kuliweka mdomoni, akauliza yeye atakuwa akifanya nini humo ghalani muda wote huo. Akaambiwa atakula jibini. Uso alioufanya ulinichekesha na mimi, kisha nikakumbuka kwamba mambo haya yanapangwa kweli, kwamba kuna siku baba hatakuwapo, na kicheko kikanikauka.

Mimi ni mwoga, sikatai, na mtoto mwoga kule Ukunda hakukosa cha kuogopa. Kila mtoto wa mtaa wetu aliijua habari ya mtu aliyekwenda Ulaya na mpenzi wa Kizungu kwa wiki mbili na hizo wiki hazijaisha mpaka leo. Msichana niliyekaa naye dawati moja alikuwa na picha ya baba yake amesimama kwenye theluji, amevaa koti kubwa, anacheka. Alikuja nayo shuleni tuione. Baadaye aliacha kuja nayo, na hakuna aliyemuuliza. Mama Ornella alikuwa bibi kizee, kwa hiyo maneno ya aibu hayakuwapo, ila mimi sikuogopa mapenzi. Niliogopa Ulaya yenyewe. Nilidhani ni mahali panaponata. Jioni mama alirudi kutoka dobi alikokunja mashuka ya watu kutwa nzima, akachukua nguo zetu zilizokwisha kukunjwa, akazikunja tena.

Lililonitisha zaidi ni mazoezi. Huko gari hupita kulia na usukani uko kushoto, na baba aliona si busara kwenda kujifunzia mbele ya Waitaliano. Basi Jumapili baada ya kanisa alinipakia garini, tukateremka hadi njia ya vumbi ya kwenda Majoreni, pasipo na magari, akahamia kulia na kuanza kuendesha upande wa makosa makusudi. Mimi kazi yangu ilikuwa kuangalia mbele na kupiga kelele. Tukiwa kwenye kona alitokea mgema juu ya baiskeli, madumu ya tembo yananing’inia huku na huku. Nilipiga kelele. Baba alikatia kushoto, mgema naye akakatia huko huko, na tukasimama tukitazamana, gurudumu lake limegusa bampa. Mgema alishuka, akanusa mdomo wa baba dirishani. “Wala hukulewa!” alisema kwa mshangao. “Sasa wewe wataka kuniua kwa nini?” Baba alimweleza kwamba anajifunza kuendesha kwenye nchi ya wagema wa zabibu. Yule bwana alitutazama sana, akatuombea Mungu, akaenda zake. Tulipofika nyumbani mama aliniuliza kilichonipata, nikasema ni njaa.

Hata hivyo, kilichonivunja ni jambo la heshima kabisa. Jirani yetu Mama Saumu, Mdigo aliyetupokea siku ya kwanza wazazi wangu walipofika Ukunda, alimwita baba akamkalisha. “Baba Mkamburi,” alimwambia, kwa jina langu, “safari ya mbali mtu huaga. Pita kila mlango uombe radhi. Waja tumeishi pamoja, hatukosi kuudhiana.” Baba alilipenda jambo hilo. Miaka yote ile miongoni mwa watu wa pwani alikuwa amechukua adabu zao nyingi, na hii nayo aliichukua. Alivaa shati la kanisani akapita mlango kwa mlango, nami nyuma yake. “Nasafiri, jamani. Kama nimekukosea, niwie radhi.” Nao walijibu kwa upole, “Nimekuwia radhi, nawe uniwie.” Wengine walimshika mkono wakaushikilia. Mimi kila mlango ulinizidishia baridi mwilini, kwa sababu mtu mmoja tu niliyewahi kumwona akifanya hivyo ni Mzee Hamisi, mkwewe Mama Saumu. Alituaga hivyo hivyo, akaenda kuhiji, akafia huko, akazikwa huko. Kwangu mimi radhi ilikuwa ndiyo tiketi ya kutorudi, na baba alikuwa akiikusanya mtaa mzima kwa tabasamu.

Mlango wa mwisho ulikuwa wetu. Mama alikuwa akichagua mchele. Baba alisimama mbele yake kama alivyosimama kwa majirani, akasema maneno yale yale, na mama hakuinua uso. Kwao Taita, alivyokulia yeye, mtu huyasema hayo akiwa kwenye kitanda cha mauti, watoto wamekwisha kuitwa. “Sikupi,” alisema. Baba alidhani ni mzaha, akayarudia. “Mwakio, sikupi. Umenikosea mengi na nayakumbuka yote. Ukiyataka yasamehewe, rudi uyaombe hapa hapa.” Mama Saumu alikuja mbio, akambembeleza, akamwambia haifai kumwachia msafiri moyo mzito. Mama alimsikiliza kwa adabu, akaendelea kuchagua mchele. Baba aliondoka Oktoba, wakati wa mavuno ya zabibu, akiwa na radhi ya Ukunda nzima isipokuwa ya mke wake. Uwanja wa ndege mama alimpa mkono tu.

Siku zile nilikula bila kuonja, nikasoma bila kuelewa, na kila simu iliyolia kwa Mama Saumu ilinikimbiza msalani. Nilimchukia mama kwa ugumu wake, tena niliushikilia huo huo ugumu, maana ndicho kitu pekee chetu kilichomfunga baba. Kisha siku moja nilitoka shule nikayaona mabegi ya baba mlangoni. Alikuwa amekonda, ananuka sabuni ya kigeni, na alikuwa bado amesimama nje. Mama alimzuia kizingitini. Baba aliomba tena, safari hii kwa sauti ndogo ambayo majirani hawakuisikia. “Sasa nimekuwia radhi,” mama alisema, akapokea begi, akalia mpaka sisi wote tukashindwa la kufanya.

Baba ameshatangulia, na Mama Ornella pia. Wiki ijayo mimi na mume wangu tunakwenda kuzunguka vilima vile vile. Safari tumeipanga kwenye kochi, jioni moja, kila mtu na simu yake. Simu inajua kona, inajua ghala gani hufunguliwa Jumatatu, inatuambia geuka hapa. Mtaa haujui kama tunaondoka. Nilipojaribu kumuaga kijana wa geti langoni kwetu, alinitazama na kuniuliza, “Kwani madam, unahama?” Ndivyo mambo yalivyo sasa, na sitayalaumu. Lakini juzi nilikwenda Msambweni, anakokaa mama siku hizi ili awe karibu na kliniki, miguu imemvimba, nikaketi kitandani kwake nikaomba radhi. Nilitaka aninyime. Nilikuwa nimekwenda kunyimwa. Mama hakufikiri hata kidogo. “Nimekuwia radhi, mwanangu. Yote. Nenda salama.” Kisha akautafuta mkono wangu juu ya leso yake, akaushika kwa nguvu nisizodhani anazo, akasema, “Nawe uniwie radhi mimi.” Nilikuwa nimekuja kuaga, na kumbe anayeaga ni yeye.

“Sikupi,” nilimwambia. “Nikirudi, mama. Uniombe nikirudi.”