Mkuu wa Nyumba Yetu

Vita vilikuwa havijaisha, ila mjini Baraka tulishaanza kugombania mbegu, na hiyo ni dalili njema. Mimi nilikuwa fundi wa kompyuta katika bureau, ofisi ndogo iliyoandikisha familia zilizorudi kutoka ng'ambo ya ziwa. Fundi, lakini nusu: R, ile lugha ya kompyuta ya takwimu, nilijifunza Kigoma kwa wiki sita tu.

Disketi ya orodha ya nyumba zao ilipaswa kupanda boti ya Uvira saa sita. Mbegu zilitolewa kwa orodha hiyo: ikikosa boti, hakuna mahindi ya kupanda, na mvua ilikuwa karibu.

Programu yangu ilikuwa na kazi moja. Inamchukua mtu, inamtafuta aliyemtaja kuwa mkuu wa nyumba, kisha mkuu wa huyo, mpaka ifike kwa aliyejitaja mwenyewe. Hapo inaandika nyumba moja. Niliiwasha saa mbili asubuhi. Saa nne ilikuwa bado inazunguka na jenereta inakunywa mafuta ya essence kama mlevi harusini.

"Papa chef, niikatize," nikamwambia bosi wangu.

"We! Usiiguse! Iko nafikiri. Unaweza katiza muntu mwenye anafikiri?"

"Lakini hii haiko muntu, papa."

"Ndiyo maana haichoke."

Saa tano akashuka ufukweni kumbembeleza nahodha asubiri. Hajafika hata barabarani, nikabonyeza Esc, kitufe cha kukatiza. Nikaweka ndani ya mzunguko amri ya kusimama kila hatua na kunionyesha namba ya mtu. Nikaiwasha upya, nikawa naisukuma polepole. 112. 113. 112. 113. Watu wawili walikuwa wanaitumatuma programu yangu kama mtoto anayetafutishwa chumvi kwa majirani.

Nikafungua majina. Hasira zikanipanda: 112 alikuwa mama yangu mzazi! 113 alikuwa mama mfugaji wa milimani, aliyekimbilia kwetu ng'ombe wake walipoporwa, na mtaa mzima ukatununia kwa kumpokea mtu wa kabila walilopigana nalo.

Nikakimbia nyumbani. Nikawakuta wanachambua maharage.

"Mama, mkuu wa hii nyumba ni nani?"

"Ni ye," mama akamnyooshea mwenzake kidole.

"Hapana, ni ye," mwenzake akajibu.

Na hapo hakuna Esc.

"Boti inaondoka!" nikapiga kelele.

Mama akaweka ungo chini. "Bakiniandika mi, ye iko mugeni. Mugeni banamufukuza. Mwenye nyumba, nani atamufukuza?"

Mwenzake hakuinua macho. "Na bakikuya kunitafuta, bakute nyumba iko ya mama yako. Basiichome."

Niliona aibu kwa ile hasira yangu. Nikarudi mbio, nikaongeza mstari mmoja: wawili wakitajana, nyumba ni moja na wote ni wakuu. Programu ikamaliza kabla sijafuta jasho.

Nilimkuta chef ndani ya maji mpaka magotini, ameshika kamba ya boti, nahodha anamtukana. Akapokea disketi, akainyanyua juu.

"Unaona? Nilikuambia iko nafikiri!"

"Ndiyo, papa," nikamjibu. "Ilikuwa inafikiri."