Nusu ya Riwaya Niliyoiweka

Wueh. Leo nimevaa viatu vya kanisa kwenda kuaibishwa Hurlingham, huko kwa matajiri wa Nairobi.

Shiru alikuwa beste yangu, tulilala bweni moja. Riwaya zilikuwa zimekatazwa, kwa hivyo ile moja ya mapenzi tuliyoipata tuliipasua katikati, iwe rahisi kuficha. Yeye akachukua mwanzo, mimi mwisho, tubadilishane baadaye. Tukamaliza shule kabla hatujabadilishana.

Juzi akanitafuta, baada ya miaka kumi na tano. "Nimekumisi, beste! Kuja tunywe kahawa."

Nikabeba nusu yangu. Ndiyo, niliiweka miaka hiyo yote. Msinicheke.

Alipoiona alipiga kelele mpaka watu wakageuka. "Wale wapenzi wa likizo ya Agosti! Kwani walirudiana?"

Nikafungua mdomo nimwambie. Akanikata.

"Ngoja, kabla nisahau. Si wewe bado unakaa Kangemi? Nitafutie msichana wa kazi hapo. Hawa wa kwetu Lavington wamenisumbua. Nataka mtu mpole, asiyejibujibu. Kama vile wewe ulikuwa bweni."

Kama vile mimi nilikuwa.

Nikamaliza kahawa polepole. Nikarudisha karatasi zangu kwa mkoba, nikasimama.

"Na hujaniambia," akasema. "Walirudiana?"

"Hapana," nikamwambia. "Kumbe mmoja alikuwa anatafuta tu mtu wa kumfulia nguo."

Nimetembea mpaka steji ya matatu bila kugeuka.

Ukweli ni kwamba walirudiana. Ukurasa wa mwisho wanakumbatiana wakilia.

Niambieni kama nimekosea kumnyima huo mwisho.