Bibi wa Kijerumani na Ndege ya Mabomu

Nimechonga makasha na milango hapa Mji Mkongwe tangu ujana wangu, lakini sikuwahi kuagizwa ndege. Kwa hiyo yule mwanamke wa Kijerumani alipoweka picha juu ya meza yangu ya kazi na kuuliza kama naweza kuichonga kwa mti, nilicheka kidogo. Alikuwa mtu wa makamo, amekuja kupumzika Unguja mwezi mzima pamoja na mama yake mzazi, bibi aliyepita miaka themanini.

"Ni ya mama," alisema. "Kaona kazi zako akaniambia wewe utaiweza. Anataka milango ya chini iwe wazi."

"Baba yake alikuwa rubani?" niliuliza.

"Sijui. Mambo ya utoto wake hayasemi."

Ilikuwa ndege ya Wamarekani ya vita vikuu vya pili vya dunia, ile waliyoiita Ngome Inayoruka. Nilichagua mti wa mfenesi, nikawa nasoma habari zake kwenye simu ili nisikosee. Kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyozidi kuipenda. Injini nne, mbawa pana, mkia umesimama kama pezi la papa. Bunduki zimetokeza puani, mgongoni, ubavuni na mkiani. Ndani watu kumi. Chini ya tumbo lilining'inia duara la chuma na vioo, na humo mtu mmoja alijikunja, magoti karibu na kidevu, akipiga risasi na chini yake hamna kitu ila hewa.

Zilikwenda mchana kweupe, kwa makundi, zimekaribiana ili bunduki za hii ziilinde ile. Nyingi ziliangushwa. Zilizofika zilimwaga mabomu juu ya viwanda na njia za reli, na juu ya miji yenye watu. Haya yote niliyasoma, na sikuwaza sana. Nilikuwa nahangaika na bawaba za ile milango ya tumboni, ya kuangushia mabomu, ambazo nilizitengeneza kwa waya wa shaba, ndogo kuliko punje ya mchele.

Baada ya wiki tatu walikuja wote wawili. Nilimpa bibi kiti, nikamwekea ndege mapajani. Nilikuwa nimeipiga msasa mpaka inateleza. Kwa kujisifu nikamwambia, "Aliyeibuni hii alikuwa fundi hasa."

"Ndiyo," alijibu. "Ilikuwa nzuri sana."

Akaichukua kwa mikono miwili, akainyanyua juu ya kichwa chake, akaitazama kwa chini. Alikaa hivyo muda mrefu. Mimi na binti yake tulisimama, hatujui la kufanya.

"Hivi ndivyo nilivyoiona," alisema. Kiingereza chake kilikuwa cha polepole, nikakielewa chote. "Nilikuwa na miaka mitano. Tulikuwa uani, mimi na kaka yangu. Jua lilikuwa linawaka na ndege zinameremeta. Yeye alikuwa anazihesabu kwa sauti. King'ora kilishalia, nikamwita tuingie chini, kwenye handaki la nyumba. Akasema, ngoja nimalize."

Binti yake alisema kitu kwa Kijerumani. Bibi akaendelea.

"Niliteremka peke yangu. Mama alikuwa kanifundisha, ukiingia funga mlango, tia na komeo. Nikafunga. Nilimsikia anagonga. Halafu sikumsikia tena."

Nilishika ukingo wa meza. Niliona haya kwa neno nililolisema la fundi, na kwa wiki tatu nzima nilizokaa nikifurahia ile kazi. Binti yake aliketi chini kabisa, juu ya maranda, na suruali yake nyeupe. Alikuwa na miaka hamsini na kitu, na ndiyo kwanza anasikia kwamba alikuwa na mjomba.

"Kwa nini hukuniambia?" aliuliza, safari hii kwa Kiingereza.

"Ungeniuliza kwa nini nilifunga."

Nilitaka kumwambia alikuwa mtoto, hana kosa, lakini nilihisi ameshajiambia hivyo mara nyingi na haikumsaidia. Nikamletea maji. Akanywa yote, akanirudishia gilasi, akasema ahsante.

Siku ile sikugusa patasi tena. Nyumbani mke wangu alinipakulia, akaniona naitazama sahani tu. "Una nini? Unaumwa?" Nikamweleza. Akauliza, "Na mama wa hao watoto je, alimwambia nini huyo aliyefunga?" Sikufikiria kuuliza.

Kesho yake asubuhi binti alirudi peke yake, macho yamemvimba. Walikesha wakizungumza. Alinipa kipande cha karatasi chenye jina la yule mtoto, akaniomba nilichonge kwenye ubao mdogo. Herufi moja ilikuwa na nukta mbili juu, na sikuwahi kuchonga ya namna ile. Niliiharibu mara mbili.

Walipokuja kuaga nilimpa bibi ule ubao. Binti akamshauri waiache ndege, waende na ubao tu.

"Ndege niliiagiza mimi," bibi alisema. "Nnaichukua."

Nikaifunga vizuri kwa gazeti, nikatia pamba kwenye ile milango ya tumboni isije ikavunjika njiani.