Injili ya Paja la Kuku

Binti yetu alikuwa amerudia mwaka wa pili wa shule ya msingi, na bado herufi zilimkimbia kama panzi kwenye shamba la maharagwe. Mwalimu wake aliniita, akasema kwa upole, "Mama, mutoto haiko mujinga. Lakini akiona b anasema d, akiona d anasema p. Mumusaidie kule nyumbani."

Nilimsaidia kwa njia niliyoijua: kelele. Nilimkalisha kando ya moto, nikaweka kidole kwenye neno, nikauliza, "Hii ni nini?" Akaliangalia neno, akaniangalia mimi, akasema, "Mama, maharagwe yako inaungua." Na kweli yalikuwa yanaungua. Somo likaishia hapo, na la kesho yake likaisha vilevile.

Kwa hiyo nilishangaa sana koko yake, mama wa bwana yangu, alipojisifu kwangu kwamba mtoto anamsomea Biblia kila jioni, tena bila kukwama. Koko mwenyewe hakuwahi kuingia darasani. Nikajificha nyuma ya mbao za jikoni, nikatega sikio.

Binti alikuwa ameshika kitabu kwa mikono miwili, uso umetulia kama wa katekista.

"Na Yesu akafika Nyabiondo," akasoma, akitaja kijiji chetu.

"Amina," koko akajibu.

"Akakuta watoto wanachota maji. Akasema: Kweli, kweli nawaambia, mutoto asitumwe ku maji siku ya mvua. Na kuku ikichinjwa, paja ni ya mutoto."

"Amina, mutoto wangu. Funga hapo, tukule."

Nilijiziba mdomo kwa kitenge nisicheke.

Jumapili tulichinja kuku. Koko alichukua paja, akaliweka mbele ya mjukuu wake. Bwana yangu, ambaye paja lilikuwa lake tangu tuoane, akabaki na tonge la bugali mkononi.

"Mama, na mimi?"

"Njo vile Neno inasema," koko akajibu, akampa shingo.

Kesho yake, tukiwa tunapalilia, nikaona sasa lazima nimwambie. "Koko, unisamehe. Ule mutoto hasomi. Anatunga tu."

Koko aliacha jembe, akacheka mpaka akakaa kwenye udongo. "Weye unazania sijue? Niko nasikia Injili ku misa tangu bwana yako hajazaliwa. Yesu hakufikaka Nyabiondo. Njia iko mubaya sana." Akapangusa machozi. "Nilimuacha juu nilitaka kuona atafika wapi. Na weye ulisema anachukia kitabu. Kwangu anakishika mpaka jua inazama."

Maneno hayo yalinifuata mpaka nyumbani. Jioni nilichukua kipande cha mkaa, nikamwita binti mbele ya mlango wa jikoni. "Nisomee ile unasomeaka koko. Mi nitaandika."

Akatazama miguu yake. Alijua kwamba nimejua. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Yesu alifika Nyabiondo," nami nikaiandika mlangoni vilevile. Nikamwambia asome.

Maneno yalikuwa yake, kwa hiyo alijua yako pale. Kazi yake ilikuwa kuyatafuta tu, kama mtu anayemtafuta mbuzi wake katika kundi la jirani. Alipata "Yesu" kwanza. Siku zilizofuata niliandika na mistari yake mingine, akapata "maji," akapata "mvua." "Paja" aliliona kutoka mbali.

Bwana yangu naye akaja na mkaa wake, akaongeza mstari wa kujitetea: Papa pia anapenda paja. Binti aliufuata kwa kidole, akikwama, akirudi nyuma, mpaka akaumaliza. Akamgeukia baba yake.

"Papa, hii haiko Neno ya Mungu."

Hatukupata msomaji wa haraka. Mpaka leo b na d zinagombana kichwani mwake, na mwalimu bado anamngojea wenzake wakiwa wamekwisha maliza. Lakini juzi, kabla sijaenda sokoni, niliandika mlangoni: Osha masahani. Niliporudi, masahani yalikuwa machafu na binti yuko kwa jirani.

"Sikujua kusoma ile, mama," akaniambia, macho makavu kabisa.

Koko alikuwa kando, anachambua sombe, majani ya muhogo ya mboga. "Anadanganya," akasema, bila kuinua kichwa. "Niliona midomo yake inatembea. Ilifika mpaka mwisho, njo akakimbia."

Nilimkabidhi masahani, nikaingia ndani haraka ili asione jinsi nilivyofurahi.