Kidole Tulichokizika

Kijana aliyetengeneza ile programu ya "Nimefika" amefariki. Nilipigiwa simu nikiwa Busia, upande wa Kenya, na kabla sijauliza aliugua nini nilikata, nikaifungua programu yenyewe nione kama bado inafunguka. Ilifunguka. Tangu wakati huo sijatulia. Baadaye niliambiwa ni malaria, nyumbani kwao Tororo, na kwamba hakuugua muda mrefu.

Kwa msomaji asiyeijua, programu hiyo ni ya wanawake wanaotoka maeneo ya Iyolwa na Kwapa, upande wa Uganda, alfajiri kuleta karanga mpakani. Ukifika salama unabonyeza "Nimefika", wenzako wanaona jina lako. Asiyebonyeza hutafutwa. Shangazi yangu ni mmoja wao. Lakini maneno ya siri yaliwashinda, wakaanza kuiacha, ndipo marehemu akaongeza kitufe cha kuingilia kwa akaunti ya barua pepe iliyomo tayari kwenye simu, ile ya kampuni kubwa ya ng'ambo. Unagusa, uko ndani. Nilimuuliza, "Na hiyo kampuni ikitukataa?" Akacheka. "Wewe bwana, ukipewa chai utauliza kama ng'ombe alichanjwa."

Haikupita muda boda iliyombeba shangazi ikaanguka. Alilala mtaroni na mguu uliovunjika hadi jua likawa kali, na hakuna aliyemtafuta, kwa sababu programu ilionyesha amefika. Kumbe wanawake wote walinunua simu kwa muuzaji mmoja wa Busia, na kwa kuwa hawakuwa na barua pepe, yeye alitia ya kwake katika kila simu. Kwa kitufe kile kipya, wote walikuwa mtu mmoja. Wa kwanza alipobonyeza, wote walifika.

"Sasa ningefanyaje?" muuzaji alijitetea. "Hawa kina mama hawana imeili. Niliwasaidia tu."

"Umesaidia sana," shangazi alimjibu, mguu ukiwa kwenye plasta. "Mimi niko kwa mtaro, simu inasema niko kwa soko. Nani mwongo, mimi ama simu?"

Watu walicheka. Marehemu hakucheka. Alikwenda kukaa sokoni, akamfungulia kila mwanamke akaunti yake mwenyewe, huku akirudia kama mtu anayejionya: "Mtu mmoja asiwe watu wote."

Juzi, matangani, nilikaa na dada yake, ambaye naye ni mtu wa kompyuta. Aliniambia kitufe kile hakijisimamii. Mwenye programu hukisajili kwa kampuni ile, na kampuni ikiandika kutaka uthibitisho, lazima mtu ajibu, la sivyo wanakizima. Nikamuuliza kilisajiliwa kwa akaunti ya nani.

"Yake mwenyewe. Na iko kwenye simu yake, inayofunguka kwa kidole chake. Kidole tumekizika."

"Na kitufe kitazimwa lini?"

"Waulize wao. Mimi naanza kuunda nyingine, lakini hiyo si kazi ya leo wala kesho."

Tulizoea kuogopa wezi wa simu, tukasahau kuogopa urahisi. Tumewapa watu wa mbali, wasiotujua, kazi ya kututambua sisi ni nani, na hata yule aliyeiona hatari kwa wengine hakuiona kwenye simu yake. Sasa nawaza asubuhi ile kitufe kitakapokufa. Mara ya kwanza wote walionekana wamefika. Safari hii wote wataonekana hawajafika, na hatutajua ni nani yuko mtaroni. Mlango wa wengi usifunguliwe kwa kidole cha mmoja, hata kama ni kidole cha mtu mwema. Na wakati tunangoja mlango mwingine, tusiache kuitana.

Leo asubuhi jina la shangazi lilitokea: amefika. Nikampigia hata hivyo.

"Umefika, shangazi?"

"Kwani simu haijasema?"

"Imesema. Nataka useme wewe."