Jina Lililotokea Ukutani

Programu ya zamu za maji hapa Newala niliitengeneza mimi, nikaiweka wazi mtandaoni ili yeyote airekebishe. Juzi mtaa mzima ulirukwa, nikaitwa kikaoni. Nikasimama kifua mbele: "Programu ya wazi haifichi kitu. Kila badiliko hubaki na jina la aliyelifanya. Aliyeharibu, jina lake limo."

Mwenyekiti akataka tulione ukutani, kwa projekta. Nikabofya. Jina lilikuwa langu. Chini yake ulikuwepo ujumbe wa Mama Zuhura, msimamizi wa bomba la mtaa ule uliorukwa: "Shikamoo mwalimu. Naona mtaa wetu umeuruka." Kisha jibu langu: "Wewe simamia bomba, programu niachie mimi."

Mama Zuhura, kiti cha mbele, ndoo tupu miguuni, akasema taratibu, "Na shikamoo yangu hukuiitikia, mwalimu."